UZI: Niliacha kukaanga chipsi mjini. Sasa tuna mkahawa wa githeri Umoja, na wateja wanapiga kura kwa maharagwe

mpishi_wa_umoja

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, nivumilieni.

Nimekaanga chipsi miaka 11 katikati ya jiji. Kama umewahi kushuka kwenye matatu ya 35/60 saa saba mchana, ukala chipsi na soseji umesimama halafu ukakimbilia kazini, huenda aliyekupimia ni mimi. Kazi hiyo imenilipia kodi ya nyumba na kumsomesha mdogo wangu, kwa hivyo siitukani. Lakini mahali pa mwisho nilipofanya kazi, ambapo sitapataja, mafuta yalikuwa hayamwagwi. Yalikuwa yanaongezwa tu juu ya yale ya jana. Aliyewahi kusimama mbele ya karai anajua: mafuta mapya ukitia viazi hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi, na mlio wake ni mkali. Mafuta yaliyochoka hutoa povu dogodogo kama la sabuni, linapanda hadi ukingoni na halitaki kushuka, na harufu yake inakaa kwenye nywele hata baada ya kuoga. Lile povu nilikuwa nalijua. Nililiona kila siku na nikaendelea kupima.

Mwaka juzi mama alipatikana na presha. Kliniki wakamuuliza chakula cha jioni huwa anakula nini. Akajibu kwa furaha kabisa, "Kijana wangu huniletea chipsi kutoka kazini." Nilikuwa nimeketi kando yake. Mwezi ule ulipoisha niliaga kazi.

Wiki 6 zilizopita tulifungua mkahawa mdogo wa chakula cha haraka mtaa wa Umoja, Nairobi, upande wa soko la Mutindwa. Nasema tulifungua kwa sababu tuko 23, wote watu wa mtaa: mama mboga wawili, fundi viatu, makanga, mwalimu, dada wa saluni, na wengine wa vibarua. Kila mmoja alitoa shilingi 3,000 kabla hatujanunua hata mwiko, na pesa hizo anazila polepole kama chakula. Kikundi tumekisajili. Sheria ya vikundi ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, kwa hiyo hapo hatukuhangaika. Jina la mkahawa bado hatuna, nitafika huko.

Tunapika githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), ndengu, mukimo wa viazi vya kuponda, mboga za kienyeji kama managu na terere, omena siku mbili kwa wiki, nduma na viazi vitamu asubuhi, uji wa wimbi. Hakuna sanduku la povu la kufungia chakula wala mfuko wa plastiki. Kijana wa plot yetu aliponiuliza, "Sasa hiyo ni kibanda kama vingine, chakula cha haraka kiko wapi?" nilimjibu, na jibu lenyewe ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Sisi tumezoea kwamba chakula cha haraka lazima kipite kwenye mafuta. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka yote ile. Lakini hebu simama kwenye foleni uhesabu. Chipsi zikiisha kwenye kabati, unangoja karai lipate moto, viazi vizame, viive, vichujwe, na hapo dakika 8 zimekwenda. Githeri inatoka kwa sekunde 20: upawa mmoja, kipande cha parachichi, kachumbari, pilipili ukitaka, umelipa, umeenda. Ni kweli githeri hukaa jikoni saa nyingi, ila mteja hakai jikoni. Mteja yuko kwenye foleni. Haraka anayoitaka yeye ni ya foleni, na hiyo sufuria ya githeri inaiweza kuliko karai.

Saa za jikoni nazo zinapangika. Maharagwe tunayaloweka saa tatu usiku. Saa kumi na nusu alfajiri maji yale tunayamwaga, tunaweka mengine, tunachemsha kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla ya jambo lingine lolote. Hizo dakika 10 msizipuuze nyumbani, hasa kwa maharagwe mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili inayosokota tumbo na moto wa polepole hauimalizi. Kisha yanaingia kwenye sufuria ya presha ya umeme pamoja na mahindi. Yakiiva, sufuria inahamia kwenye kikapu cha joto, yaani kikapu kikubwa kilichoshonewa blanketi na sponji ndani na mto juu. Ukifungua saa saba mchana mvuke unakupiga usoni. Tuna kipimajoto. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 kinarudi motoni, hakuna mjadala, kwa sababu chini ya hapo vijidudu huanza kuzaana.

Makaa hatutumii kabisa. Umeme wa Kenya sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hiyo sufuria ya presha ya umeme haikati mti. Gesi tunaitumia kwa kazi ndogo kama kukaanga vitunguu.

Ulizeni, nitajibu usiku nikifunga.

kijana_wa_pipeline

Boss hongera. Swali moja tu: bei?

mpishi_wa_umoja

Githeri ya kawaida 80, na managu 110, na parachichi 130. Nduma na uji asubuhi 70. Karatasi ya mahesabu tumeibandika ukutani mbele ya mteja: maharagwe kiasi gani, stima kiasi gani, mshahara wa wapishi kiasi gani, kodi kiasi gani. Vitunguu vikipanda Mutindwa mteja anaona kwenye karatasi kabla hajaona kwenye bei.

mtu_wa_hesabu

Nimesoma yote na nimependa hapo pa foleni. Ila hapo kwenye kichwa cha uzi, pa wateja kupiga kura, ndugu yangu sijashawishika. Kila hoteli siku hizi inasema mteja ndiye mwenye mkahawa, kumbe wameweka kisanduku cha maoni mlangoni na ufunguo wake ulipotea zamani. Hao 23 ni wenye hisa, sawa. Mimi nikija na 80 zangu nitahusishwa na nini?

mpishi_wa_umoja

Swali zuri, kaka.

Ukimaliza kula unapewa punje moja ya haragwe. Pale pa kunawia mikono kuna mikebe mitatu, kila mmoja una jina la chakula. Unatumbukiza punje yako kwenye mkebe wa kile unachotaka kipikwe wiki ijayo. Jumamosi jioni tunamwaga mikebe mezani na watakaokuwepo wanahesabu, mara nyingi watoto ndio wanaong'ang'ania kazi hiyo. Chakula kilichoshinda kinapikwa Jumanne na Alhamisi. Punje zenyewe ni zilezile kila wiki, zimeng'aa kwa kushikwashikwa.

Na nikuambie ilivyotuuma, usije ukadhani ni mapambo. Wiki ya tatu mteja mmoja aliomba tuweke mkebe wa chipsi. Nilikataa. Wenzangu wakasema mteja ameomba, wekeni. Tukaweka mukimo, wali wa nazi na chipsi. Jumamosi tukahesabu: chipsi 61, mukimo 19, wali 14.

Usiku huo nilikuwa tayari kuutupa mkebe. Nimeacha kazi kwa sababu ya chipsi, mama yangu anameza dawa kila asubuhi, halafu mkahawa wangu uniamrishe nirudi kwenye karai? Yule mzee fundi viatu ndiye aliyenituliza. Alisema, "Ulituuliza, tumekujibu. Kama jibu hulitaki, toa mikebe yote, siyo mmoja." Nilikaa na maneno hayo hadi asubuhi, na nikaona kwamba watu hawakupigia kura yale mafuta meusi. Walipigia kura chipsi, na chipsi si lazima zipikwe nilivyokuwa nikizipika.

Kwa hiyo sasa chipsi zina siku yake, Ijumaa. Viazi ni aina ya shangi kutoka Nyandarua, tunavisugua lakini hatuvimenyi. Vikikatwa vinalala kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, kisha tunavikausha kwa kitambaa safi, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta yanayaharibu haraka. Tunavitoa vikiwa rangi ya dhahabu, havifiki kahawia. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali hadi viive sana hujitengenezea kemikali ya akrilamidi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo inavyozidi. Kule kuloweka pia huipunguza. Mafuta yanafunguliwa Ijumaa asubuhi mbele ya wateja, tarehe inaandikwa ubaoni, na jioni yanachukuliwa na fundi wa sabuni. Hayalali.

Sahani inauzwa 150 na lazima iandamane na kachumbari au mboga. Ijumaa ndiyo siku yetu yenye foleni ndefu kuliko zote.

mlaji_wa_ngara

Kuhusu viazi, mnakumbuka Januari 2022 mkahawa mmoja mkubwa wa kimataifa hapa ulipoishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyao huletwa kutoka nje? Nchi hii ambayo Nyandarua na Meru viazi vinaozea shambani. Nilihuzunika sana mwaka huo. Nimefurahi kusoma neno shangi hapa.

mpishi_wa_umoja

Nakumbuka vizuri, tulikuwa tunaulizwa kama zetu pia zimeisha. Shangi ina tabu yake, inachipua upesi ukiiweka, kwa hiyo tunanunua ya wiki moja tu.

nesi_wa_zamu

Kaka mpishi, pole kwa mama, na hongera kwa kazi. Mimi niko wodini Eastlands na kila wiki napokea watu wa umri wangu wenye presha ambao hawakujua. Nina mambo matatu.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na iliyo kwenye mkate na kwenye viungo vya pakiti. Mnapima, au mnatia kwa mkono?

Vyeti vya afya vya wapishi viko? Kila miezi 6 lazima mpimwe upya, na ni kwa usalama wenu wenyewe, msingoje kanjo, askari wa kaunti, waje.

La tatu, tafadhali msiandike popote kwamba chakula chenu kinatibu presha. Nimeona mabango mtaani ya namna hiyo na watu wanaacha dawa. Chakula kizuri kinasaidia, ila dawa ni dawa.

mpishi_wa_umoja

Asante sana dada. Vyeti viko, vimetundikwa karibu na leseni ya kaunti. Hilo la kutibu hatujaandika na hatutaandika. Mama bado anameza dawa zake na mimi ndiye ninayemkumbusha.

Chumvi nilikuwa natia kwa mkono, na mkono wangu ni wa chipsi. Mwalimu wetu alileta mizani ndogo ya jikoni. Sasa sufuria ya sahani 40 inapata gramu 60, yaani gramu moja na nusu kwa sahani. Wiki ya kwanza watu walilalamika kwamba githeri imepooza. Viungo vya pakiti hatukuvirudisha. Tuliongeza dania, tangawizi, kitunguu saumu, na ndimu inayokamuliwa juu wakati wa kupakua. Malalamiko yalipungua, hayakuisha. Chumvi ya mezani ipo, mtu akitaka anaiomba kwa mhudumu. Nimeona kwamba asipoiona mbele yake wengi hawaikumbuki.

mama_watatu

Mwanangu, nikusaidie hapo kwa managu maana nimeona hujasema mnayapikaje. Wengi mtaani wanayachemsha hadi yanakuwa meusi, maji wanamwaga, halafu wanashangaa watoto hawali. Sisi kwetu Kisii managu unayachuma majani machanga, unachemsha kidogo, unamimina maziwa na unayaacha yalale. Kesho yake ukiyapasha ule uchungu umekuwa utamu wake. Na usiyachanganye na mboga ya saga (mgagani) bila maziwa, uchungu utakushinda.

mpishi_wa_umoja

Mama, shikamoo. Tulikuwa tunayachemsha na kumwaga maji, sitaki kukudanganya. Unaweza kuja Jumapili utuonyeshe? Nauli tutakurudishia.

mwalimu_wa_sayansi

Mama watatu amesema jambo kubwa. Mboga hizi zina madini ya chuma, kalisi na kile kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na nyingine huyeyuka kwenye maji mnayomwaga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti miaka mingi, na ni kwa kazi ya watu kama yeye ndiyo leo unapata managu na kunde katika supamaketi, zamani zikiitwa magugu. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili miongoni mwa mifano bora ya kulinda urithi.

Nyongeza kwa mkahawa: vitamini A inataka mafuta kidogo ili mwili uinyonye, kwa hiyo kijiko cha mafuta safi au hilo parachichi si dhambi. Na chai msiwape watu pamoja na githeri. Chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma. Bora ndimu.

mpishi_wa_umoja

Mwalimu, chai tunauza asubuhi na nduma. Mchana tutaitoa, tuweke maji ya ndimu. Nitaipeleka kwa kikundi, lakini sioni atakayepinga.

boda_wa_donholm

Mimi nabeba chakula kila siku. Sanduku za povu mnazozikataa zina shida, mchuzi wa moto unazilainisha na mteja ananilaumu mimi. Lakini nyinyi mnapakia kwenye nini? Nisibebe githeri mkononi.

mpishi_wa_umoja

Hapa ndipo tulipoumiza vichwa kuliko mahali pengine.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilibadilisha mtaa kweli. Waliokuwepo wanakumbuka mitaro ilivyokuwa imejaa juala, na marehemu Profesa Wangari Maathai alivyokuwa akizipigia kelele miaka mingi kabla. Ila marufuku ile ilikuwa ya mifuko tu. Masanduku ya chakula yalibaki. Nimekulia Kariobangi. Jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, bado linapokea takataka za jiji hadi leo. Upepo ukigeuka usiku tulikuwa tunafunga madirisha kwa matambara. Sitaki kuongeza hata sanduku moja kwenye moshi ule.

Kwa hiyo tuna mabakuli 120 ya chuma kisichoshika kutu, yenye kifuniko cha kubana. Ukichukua chakula cha kubeba unaweka amana ya shilingi 100. Ukirudisha bakuli, siku yoyote, unarudishiwa 100 yako kwa simu au unaihamishia kwenye chakula kingine. Mwenye chombo chake anakuja nacho na tunampunguzia 10. Chakula kikavu kama nduma na viazi vitamu tunafunga kwa jani la mgomba. Jani unalipitisha juu ya moto polepole hadi libadilike, linaanza kung'aa na kulainika kama kitambaa, na harufu yake inaingia kwenye nduma. Wateja wameanza kuniuliza kama jani linauzwa peke yake.

boda_wa_donholm

Sawa, lakini nani atalirudisha bakuli? Mteja wa ghorofa ya nne hatashuka kuja Mutindwa kwa ajili ya 100. Na mimi nikirudi kulichukua ni mafuta ya pikipiki.

mtu_wa_hesabu

Naongezea. Bakuli la chuma linatengenezwa kwa nguvu nyingi kuliko karatasi. Likitumika mara tano likapotea, mmeharibu mazingira kuliko mwenye sanduku. Na maji ya kuyaosha je? Umoja mgao wa maji tunaujua.

mpishi_wa_umoja

Yote mawili ni kweli na sitayazunguka.

Kwa hesabu ya jana, mabakuli 7 hayajarudi tangu tufungue. Mengine yametumika karibu kila siku, kwa hiyo kwa upande huo naona tunaelekea pazuri, ila nakubali kwamba bakuli likikaa kabatini kwa mtu halina faida kwa yeyote.

Maji tunanunua kwa mitungi siku za mgao, kwa hiyo kila lita naijua. Mteja anakwangua mabaki mwenyewe kwa kipande cha ganda la ndimu na kuyatia ndoo ya kijani. Hilo peke yake limepunguza maji kuliko sabuni yoyote. Beseni la kwanza ni la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu maji ya moto. Maji ya beseni la pili yanapiga deki jioni. Hatujafika mahali pa kujisifu, lakini hatumwagi.

Boda wangu, hilo la ghorofa ya nne sina jibu. Wewe ungefanyaje?

boda_wa_donholm

Mngeweka kreti kwenye stage zetu. Mteja wa Donholm akienda kazini asubuhi anapita stage, anaacha bakuli, ananiambia namba yake. Jioni nikija kuchukua oda nakuja na kreti nzima kwa safari moja. Mnilipe 10 kwa bakuli, mteja apate 90 yake. Atakubali, kwa sababu hajaenda mbali.

mpishi_wa_umoja

Naleta kreti kesho.

mfugaji_wa_ruai

Hiyo ndoo ya kijani mabaki yake yanaenda wapi? Kama yanaishia kwenye lori moja na chupa, ni bure. Na sheria ya taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza.

Nauliza kwa sababu mimi nafuga mabuu wa nzi askari mweusi. Msishtuke, si nzi wa chooni, huyu akishakuwa mkubwa hata hali chakula chenu. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, wamefanya kazi kubwa juu yake kama lishe ya mifugo. Maganda na mabaki ukiwapa, kwa kama wiki mbili wamekula na kunenepa, unawakausha, wanakuwa protini ya kuku badala ya omena, na kinachobaki ni mbolea. Nahitaji maganda ya viazi, majani ya mboga, ukoko wa githeri. Sitaki mifupa mikubwa wala plastiki hata kipande. Nakuja Jumatano na Jumamosi na mapipa yangu.

mpishi_wa_umoja

Sasa hivi yanachukuliwa na jirani mwenye mbuzi, lakini mbuzi hali ukoko na siku za joto ndoo inanuka. Karibu sana Jumatano. Mbolea nayo ungetuachia gunia moja, mama mboga wetu mmoja ana kiwanja cha sukuma karibu na reli.

mfugaji_wa_ruai

Gunia lipo.

mpishi_wa_umoja

Nimerudi baada ya siku 9, niwape habari.

Mama watatu alikuja Jumapili. Alikuja na kibuyu cha maziwa kutoka kwake na akakataa kabisa nauli. Alisimama jikoni kuanzia saa nane, akatuchagulia majani moja moja, mabua akayatupa kwenye ndoo ya kijani, na akamfokea mpishi wetu kwa kugeuzageuza mwiko. Managu yalilala. Jumatatu saa sita na nusu mchana yalikuwa yameisha, na saa saba watu wakayataka. Mtoto wa miaka minne alimaliza sahani ya mama yake, kisha akaomba punje ya haragwe. Alibebwa hadi kwenye mkebe akaitumbukiza mwenyewe, akachungulia ndani kuona imeangukia wapi.

Chai ya mchana tumeitoa. Watu watatu wamenuna, mmoja akiwa makanga wetu wa kikundi. Maji ya ndimu yanakwenda.

Mfugaji wa Ruai amekuja mara mbili. Ndoo hainuki tena.

Jina la mkahawa tunachagua Jumamosi hii saa kumi jioni. Mikebe itakuwa mitano, majina yametoka kwa wateja, mimi sikupendekeza hata moja. Aliyekula kwetu angalau mara moja ana punje yake. Mama yangu atakuja kuhesabu, amesema hataki watoto wafanye peke yao.

Kreti ya stage ya Donholm iko siku ya sita leo. Boda, hesabu tafadhali.

boda_wa_donholm

Yamerudi 31 kati ya 33. Moja liko kwa dada wa duka la dawa, ameniahidi kesho. La mwisho ni la yule fundi wa stima wa ghorofa ya nne, anasema analitumia kuwekea misumari. Nimempelekea mkebe wa rangi uliokwisha, abadilishe. Nalipitia kesho saa moja asubuhi.